Msiba wa Ghalani

Kwetu Tukuyu mvua si habari. Inanyesha asubuhi watu wakiwa kwenye chai, inapumzika kidogo, halafu mchana inarudi kana kwamba kuna kitu ilisahau. Mtumishi aliyehamishiwa huku kutoka Dodoma au Singida, wiki ya kwanza utamwona amesimama mlangoni akisubiri ikatike ndipo atoke. Tunampita na miavuli yetu, tunamwambia karibu sana, na kimoyomoyo tunamcheka. Mimi ni binti wa Kyimo, kijiji cha jirani, nafundisha Kiswahili sekondari hapa mjini, na nimeshakubali kwamba nusu ya maisha yangu nimeyatazama kupitia ukungu. Labda ndiyo sababu yale ya mwaka wa maonyesho nayakumbuka kama ndoto ya alfajiri, mengine yako wazi kabisa, mengine yamefifia pembeni na siwezi kuyaapia.

Maonyesho yenyewe yalikuwa ya kimataifa, ya sanaa ya kisasa, na bango lake lilisema "Nyakati Zisizotulia". Wasanii wa nchi mbalimbali walikuwa wametengeneza kazi kuhusu dunia ilivyochafuka: vita, maradhi, bahari inayopanda, watu wanaokimbia makwao na mtoto mgongoni. Kazi hizo zilikuwa zikizungushwa kutoka nchi hadi nchi, na safari hii waandaaji hawakutaka mji mkubwa. Kwa nini bahati hiyo ilituangukia sisi, mpaka leo sijui. Walikodi ghala la zamani la kahawa pembeni ya mji, lenye paa la bati na madirisha marefu yasiyo na vioo, kisha wakatafuta mtu wa kutafsiri. Shule zilikuwa zimefungwa. Nilisema niko tayari, kwa udadisi tu, na pia kwa sababu likizo ile sikutaka kwenda nyumbani.

Nyumbani nilikuwa napakwepa kwa ajili ya kaka yangu. Kaka alikwenda Afrika Kusini kutafuta maisha, kama vijana wengi wa huku. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada, akaongea na mama mpaka salio likaisha katikati ya neno. Kisha zikaja zile vurugu za kuwapiga wageni na kuchoma maduka yao, na simu yake ikawa haipatikani. Haikupatikana wiki ile, wala mwezi ule, wala mwaka uliofuata. Waliorudi kutoka huko kila mmoja alikuwa na lake. Huyu alisikia kaka yuko Msumbiji, yule alisikia alifia hospitali, mwingine hakusikia kitu ila alituonea aibu kutuacha mikono mitupu, akatunga.

Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo baba yetu mdogo ndiye aliyekuwa msemaji wa familia, naye alichoka kusubiri. Alitaka tuweke msiba. Alisema kuna mahali aliona watu wamekata mgomba, wakauvalisha sanda, wakauzika badala ya mwili, na ukoo ukapumua. Kila nilipokwenda nyumbani nilikuta habari ni hiyo hiyo ya mgomba. Mama hakuwahi kumjibu. Aliendelea kukifagia chumba cha kaka kila Jumamosi, akalikunjua blanketi lililokunjwa, akalikung'uta, akalikunja tena.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo nadhani ni mimi tu niliyeliona. Kwetu msiba una sehemu zake. Wanaume hukaa nje kwenye mabenchi, chini ya turubai. Wanawake huvua viatu, huingia ndani, huketi kwenye mikeka na kulia. Nyuma ya nyumba ndiko yaliko mafiga na wapishi. Tangu kaka apotee, mama alikuwa akifika msibani na mkungu wa ndizi kichwani kama wenzake, lakini haingii ndani. Anapitiliza moja kwa moja hadi kwenye moto na kushika mwiko. Misiba yote ya Kyimo aliipikia yeye. Watu walimsifu kwa kujitolea. Siku moja nilimuuliza mbona haingii hata kukaa kidogo na wafiwa, akanijibu bila kugeuka, huku akimenya ndizi.

"Nikikaa kwenye mkeka ule nitalia. Na nikilia, nitakuwa namlilia yeye. Unataka nimuue kwa mdomo wangu?"

Nikachukua kisu, nikamsaidia kumenya.

Pale ghalani, sasa, nilikuta raha yangu. Kulikuwa na kijana mmoja mrefu, mwenye ndevu za rangi ya mahindi, aliyekuja na mashine ya kutengeneza ukungu. Alitaka watu waingie chumbani mwake waonje hali ya kutojua mbele kuna nini. Akaiwasha asubuhi, tukasubiri kwa heshima. Ukungu wetu wenyewe ukaingia madirishani, ukaumeza wa kwake kabla haujafika katikati ya chumba. Wazee wawili kutoka Isongole, waliokuja kuuza viazi wakapita kuchungulia, walimuuliza kwa upole sana kama huko kwao ukungu hununuliwa. Nilitafsiri nusu tu.

Na kulikuwa na pazia la funguo. Zilikuwa funguo za nyumba ambazo hazipo tena, zilizobomolewa kwa mabomu au kusombwa na maji, zimefungwa kwenye nyuzi kutoka darini hadi karibu na sakafu. Upepo ukipita zilikuwa zinaongea. Mchana watu wakienda kula nilikuwa nasimama katikati yake nikifumba macho, na kwa muda nilikuwa siko Tukuyu wala popote, nikisikia milango mingi ikijaribiwa kufunguliwa mbali, mmoja baada ya mwingine. Nilifikiria ufunguo wa chumba cha kaka, ambao mama anautundika kwenye msumari juu ya kabati. Nilikuwa natoka pale nimelegea, kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha mwanamke wa rika langu, mwembamba, mwenye mvi za mapema, kutoka nchi yenye vita ambayo sitaitaja. Kiingereza chake kilikuwa kinakwaruza kama changu, kwa hiyo tulielewana upesi. Mazulia ya kwao, ambayo yalipaswa kufunika sakafu yote, yalikwama bandarini. Alitaka watu wakae chini, mwanga uwe hafifu, ukutani litundikwe koti moja la kiume, na kutoka kwenye spika isikike pumzi ya mtu aliyelala.

"Halafu?" nikamuuliza.

"Halafu basi. Wanakaa mpaka waone inatosha."

Niliguna ndani kwa ndani. Lakini nilimpeleka sokoni, tukanunua mikeka yote ya matete tuliyoikuta, tukairundika kwenye bajaji, nasi tukakaa juu yake kama maharusi. Tulipoitandaza, chumba kilinukia harufu ya mabondeni, kulikovunwa matete yale. Alivua viatu akatembea juu yake, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Siku ya ufunguzi mvua iliamua kuonyesha uwezo wake. Waandaaji wakahangaika, wageni watapanga foleni wapi? Nikampigia simu mzee wa kanisa, na baada ya muda likaja turubai na mabenchi. Turubai lenyewe lina kiraka cha bluu pembeni, na hakuna mtu mji mzima aliyewahi kuliona kwenye harusi. Likikupita juu ya gari unavua kofia. Mimi nililitazama likifungwa mlangoni mwa ghala na sikuona kitu. Siku kadhaa nilikuwa nimekaa na wageni, nikaanza kutazama mambo kwa macho yao.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyetoka sokoni na tenga la maparachichi. Aliliona turubai, akaona mabenchi, akachungulia ndani akaona mikeka na giza. Hakuuliza. Kwetu mtu haulizi mlangoni, anaingia kwanza. Akatua tenga, akavua gambuti, akajifunga kitenge kiunoni, akaketi chini ya lile koti na kuanza kulia. Wapita njia walimsikia, nao wakaingia. Kabla chai ya waheshimiwa walioalikwa haijapoa chumba kilikuwa kimejaa, na vilio vilikuwa vinapanda na kushuka juu ya ile pumzi ya spika. Kiongozi wa waandaaji alinishika mkono, macho yamemlegea kwa furaha, akaninong'oneza kwamba hajapata kuona hadhira inayoshiriki namna hii katika nchi yoyote. Akatoa simu akarekodi.

Bodaboda wakaipeleka habari mpaka Kyimo. Wakaja wanawake wakiwa na mikungu, unga na kuni vichwani, tena kuni kavu, sijui walizificha wapi mvua yote ile. Wanaume wakajaa kwenye mabenchi, wakakunja mikono ndani ya makoti na kuanza mazungumzo yao ya mbolea na uchaguzi. Nyuma ya ghala moto ukawashwa. Hapo ndipo furaha ya yule kiongozi ilipopungua. Alinitafuta mbio, akauliza kwa nini watu wanapika kwenye maonyesho.

Nami nilikuwa nimeshaelewa. Nilitaka niseme upesi kabla mambo hayajaharibika zaidi, ndipo nikamwona mama anaingia uwanjani kupitia kwenye ukungu, kwanza ndizi, kisha kichwa, kisha yeye mzima. Hakunitazama. Alipita mabenchi, akaupita mlango, akaenda nyuma kwenye moto. Nikasikia akidai mwiko.

Nilikuwa bado nimeduwaa alipotoka mama mmoja wa kanisani kwetu, mnene, mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya mto. Macho yalikuwa mekundu kwa machozi.

"Mwalimu, sisi tumelia. Sasa tuambie, marehemu ni nani, na mazishi lini?"

Mabenchi yote yakanigeukia. Nikawaambia ukweli, kwamba hakuna marehemu, haya ni maonyesho, ni sanaa, na turubai ni la mvua. Nilijitahidi kuyapanga maneno vizuri, na kila nilivyoyapanga yalizidi kuwa ya kipuuzi.

"Gwe mwana! Wewe mtoto!" akasema yule mama. "Tumelia bure? Mimi nimelia kabisa, kamasi na nini. Kama huyo mtu ni mzima, si tumemwitia kifo? Chozi langu limekwenda kwa nani?"

Wanawake wakaanza kutoka mmoja mmoja, wamekasirika, wakitafuta viatu vyao kwenye rundo. Mmoja akanyanyua mkungu wake. Mvua ilikuwa imetulia, na kila mtu alikuwa ananitazama mimi. Nilitamani ukungu wa yule kijana ufanye kazi angalau mara moja unifiche.

Ndipo msanii wa mikeka akaja mlangoni, peku, akaniuliza watu wana nini. Nikamweleza. Nilimwambia walidhani ni msiba, wamelia, na sasa wanataka kujua wamemlilia nani. Aligeuka akalitazama koti ukutani. Kisha akasema, "Waambie ni kaka yangu."

Nikawaambia.

"Amekufa?" akauliza yule mama mnene.

"Hajui," nikajibu, nikiendelea kutafsiri kila alichosema. "Walimshusha kwenye basi, kwenye kizuizi cha barabarani. Siku hiyo kulikuwa na jua, akaacha koti nyumbani. Ndilo lile ukutani. Hawajapata mwili, hawajapata habari."

Nilisikia sauti yangu ikisema hawajapata mwili, hawajapata habari, kwa Kiswahili, lugha yangu ya kufundishia, na nikaona aibu kama niliyeibiwa nguo.

"Mama yake yuko hai?"

Aliyeuliza alikuwa mama yangu. Alikuwa amesimama kwenye kona ya ghala na mwiko mkononi, moshi ukitoka nyuma yake. Sijui alifika saa ngapi.

"Yuko hai," nikatafsiri. "Hataki mtu aseme amekufa. Kila siku anamwekea sahani mezani."

"Analia?"

Niliuliza. Yule mwanamke akatikisa kichwa.

"Hajawahi, mama."

Mama alimtazama, kisha akalitazama lile giza la mlangoni, ambako pumzi ya spika ilikuwa inaendelea, ndani nje, ndani nje, kama mtoto mwenye homa iliyopoa. Niliogopa. Nilidhani ataondoka, na nilijua akiondoka hataongea na mtu mwezi mzima. Badala yake akanijia, akanikabidhi mwiko.

"Shika. Ukiunguza ndizi mbalaga za watu, shauri lako."

Akavua viatu. Akaingia, akaketi kwenye mkeka chini ya koti, akanyoosha miguu kama wanavyokaa wanawake wa kwetu wanapojua hawatainuka upesi. Akapigapiga mkeka ubavuni mwake, na yule mgeni akaelewa bila mkalimani, akaenda akaketi.

"Mwambie hapa hatuziki mtu," mama akaniambia. "Hapa tunakaa tu."

Nikamwambia. Yule mama mnene alisimama kidogo mlangoni, mkono kiunoni, akiwaza. Kisha akavua viatu tena, akaingia, na wengine wakamfuata, na aliyebeba mkungu akautua.

Mama akataja jina la kaka. Sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu simu ilipokatika. Alikuwa akisema "yule", au "mwenzako", au anaelekeza kidevu chumbani. Alilitaja kwa sauti, lote, na jina la babu ndani yake. Kisha akamgeukia mgeni na kumsubiri, na mgeni akataja la kwake, na mama akalirudia vibaya, na mgeni akamrekebisha, na mama akalirudia tena mpaka likakaa sawa. Halafu akalia. Sauti ile sikuijua. Ilianza chini kama mtu anayesogeza kitu kizito, ikapanda. Mvua nayo ikarudi kwa nguvu juu ya bati, ikafunika pumzi na vilio, ikafunika kila kitu. Nilichobaki nacho ni midomo ya wanawake inayofunguka bila sauti, na mkono wa mama kwenye goti la mgeni, na koti likitikisika kidogo kwa upepo. Nilisimama mlangoni na mwiko. Mbalaga ziliungua.

Maonyesho yaliendelea mpaka shule zikakaribia kufunguliwa. Watu walitoka mbali, hata Matwebe, kuja kukaa kwenye chumba kile, wengine na jina la mtu, wengine hawakusema kitu. Yule kijana wa ukungu alizima mashine yake akauacha ukungu wetu uingie madirishani, na nadhani kazi yake ikawa nzuri zaidi. Siku ya kufungasha, msanii alilikunja koti polepole, akamuuliza mama angependa nini. Mama akasema mkeka mmoja. Akaukunja mwenyewe, akaubeba begani, akasema "ndaga fijo", asante sana, na wakaagana hapo barabarani kwenye manyunyu kama majirani wanaoonana kesho.

Baba mdogo alikuja tena. Safari hii nilikuwepo, nikiwakaribisha chai. Alizungumzia mgomba kwa hekima zake zote, na kwamba watu wanaanza kuuliza. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Huo mgomba uacheni uzae," akasema. "Mimi nimeshakaa."

Baba mdogo akanitazama, kama mtu anayesubiri tafsiri. Nikammiminia chai nyingine.

Chumba cha kaka bado kinafagiliwa kila Jumamosi. Mkeka wa ghalani umetandikwa pale, kando ya kitanda. Simu yake bado haipatikani, na mama bado ananiomba nimjaribie.

Mvua za mwaka uliofuata alifariki jirani yetu Kyimo, nikaenda. Turubai lilikuwa limefungwa, kile kiraka cha bluu kimetazama barabarani. Nikazunguka nyuma kwenye moto kumsalimia mama, kwa mazoea. Hakuwepo. Dada mmoja aliyekuwa akihangaika na sufuria mbili aliponiona alifurahi. "Afadhali umekuja mwalimu, hebu shika mwiko."

Nikaunyoosha mkono. Mwiko ulikuwa wa moto kidogo, mpini umelowa mvuke, na ulinikaa vizuri mno kiganjani. Tangu kaka apotee nimepikia misiba mingi mjini, misiba ya walimu, ya majirani, ya watu nisiowajua hata sura. Nilikuwa sijawahi kujiuliza kwa nini.

"Mama yuko wapi?" nikauliza.

Akaonyesha ndani kwa kidevu.

Nikamrudishia mwiko wake. Nikazunguka mbele, nikavua viatu, nikaviweka kando ya vya mama. Ndani kulikuwa na giza, na ilichukua muda kumwona katikati ya wenzake, miguu ameinyoosha, analia kwa sauti kama wote. Akaniona. Hakunyamaza. Akaikunja miguu, akanipa nafasi kwenye mkeka.